Hesabu Vivuli Uwanjani Kwako

Ndugu zangu wa Singida,

Wiki chache baada ya mavuno ya alizeti nilipita kumjulia hali mama wa jirani yetu, bibi ambaye miguu imemgomea tangu mwaka juzi. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua. Alizeti imeanikwa kwenye turubai, kuku wanadonoa pembeni, mjukuu anawafukuza kwa kijiti. Nikapiga hodi, nikaingia, na macho yakachukua muda kuzoea giza. Bibi alikuwa kitandani, blanketi mpaka kifuani. Mlango ulioachwa nusu wazi ulikuwa umeingiza kipande cha jua. Kilifika kwenye kizingiti cha chumba chake kikakomea hapo, hatua moja kutoka kitandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko nje leo kuna jua?"

Swali lile lilinichoma. Ni saa nne asubuhi, Singida, mwezi wa saba, na mtu anauliza kama kuna jua. Tulisaidiana na mjukuu wake, yeye akabeba kiti cha plastiki, mimi nikamtegemeza bibi, tukamkalisha nyuma ya nyumba ambako upepo haufiki. Akanyoosha miguu, akapandisha kanga hadi magotini, akafumba macho. Baada ya kitambo akasema, "Tangu mvua zianze sijatoka."

Hakuna aliyemfungia ndani. Kwao ni watu wema, wanamlisha, wanamwogesha, wanamsikiliza. Ila kila mmoja ana kazi yake, na kumtoa bibi nje haikuwa kazi ya mtu yeyote. Barua hii naiandika kwa sababu hiyo.

Wahenga walisema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Sisi Singida tunaujua vizuri ukweli wa methali hiyo. Mafuta yetu ya alizeti yanakaanga samaki wa watu Dar es Salaam. Kuku wetu wa kienyeji hupakiwa kwenye matenga, wakapanda basi usiku, wakafika mjini kabla ya sisi kuamka. Asali ya Manyoni na Itigi husifiwa na watu wasioujua hata mti mmoja wa huko. Sasa naona hata jua, mali ambayo hakuna mchuuzi anayeweza kuipakia kwenye lori, tunalitumia kukaushia vitunguu na mlenda, huku wenzetu walio ndani hawalipati.

Na jua tunalo. Mkoa wetu uko kusini kidogo ya ikweta, na mji wa Singida umekaa kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka jua hutupita utosini. Hatuna majira ya baridi ya Ulaya ambayo kwa miezi kadhaa jua huchungulia tu likazama. Kwa nini basi mtu wa Singida akose kitu kinachotoka juani?

Kitu chenyewe ni vitamini D. Vitamini nyingine tunazitafuta sahanini, lakini hii mwili unaweza kujitengenezea wenyewe, mradi upate mwanga. Miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ikigusa ngozi iliyo wazi, hubadili aina fulani ya mafuta iliyomo humo na kuanza kuunda vitamini D. Damu huipeleka kwenye ini, kisha kwenye figo, na huko ndiko inakokamilishwa ikawa tayari kwa kazi. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu na fosforasi ya chakula. Ikikosekana, unaweza kumaliza kibuyu cha maziwa na sehemu kubwa ya kalsiamu ikapita tu.

Mtoto akiikosa vitamini hiyo, mifupa yake hubaki laini. Anachelewa kusimama, vifundo vya mikono vinavimba, na akianza kutembea miguu inapinda kwa uzito wa mwili wake mwenyewe. Ndiyo matege. Mtu mzima hapindi, ila mifupa yake hulainika kimyakimya. Nyonga zinauma, mapaja yanakosa nguvu, kunyanyuka kitini kunahitaji mikono miwili na kuguna. Tukimwona tunasema ni uzee, na mara nyingi ni uzee kweli. Lakini wakati mwingine ni uzee uliofungiwa gizani.

Ulaya iliujua ukweli huu kwa machungu. Katika karne ya 19 miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa moshi na vichochoro visivyoona jua, na watoto wenye matege wakawa wengi. Mwaka 1890 daktari Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi ya umisionari Japani, aliandika kwamba ugonjwa huo unaishi mahali jua lisipofika. Mwaka 1919, jijini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wa matege kwa taa ya urujuanimno. Alimulika mkono mmoja wa mtoto, na mifupa ya mkono wa pili, ambao haukumulikwa, ikaanza kupona nayo. Ikawa dhahiri kwamba ngozi inatengeneza dawa inayosafiri na damu.

Sisi hatuna haja ya kwenda Berlin kutafuta ushahidi. Katika wilaya yetu ya Mkalama, upande wa kuelekea Ziwa Eyasi, kuna kijiji cha Munguli wanakoishi Wahadzabe. Mwaka 2012 watafiti kutoka Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa kaskazini mwa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huona nanomoli 50 zinaitosha mifupa. Na watafiti waliona jambo jingine, ambalo ndilo lililonigusa zaidi. Watu hao hushinda nje karibu kutwa nzima, lakini jua la moja kwa moja hulikwepa kila wanapoweza. Wakipumzika, wanapumzika mtini. Hakuna anayejianika kama dagaa. Wanaishi nje tu, na mwanga wanaupata njiani, wakiwinda, wakichimba mizizi, wakichota maji.

Babu zetu Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo waliishi vivyo hivyo. Nyumba ya tembe ilikuwa na giza, haina madirisha ya maana, lakini nani alishinda ndani ya tembe? Ilikuwa ya kulala, kuhifadhi nafaka na kujikinga na fisi. Maisha yenyewe yalikuwa uwanjani. Siku hizi tumejenga nyumba nzuri zenye mabati na vioo, tukahamia ndani na maisha yetu yote. Na kioo kina hila: kinapitisha mwanga na joto, lakini miale inayotengeneza vitamini D kinaizuia karibu yote. Anayeota jua nyuma ya dirisha lililofungwa anapata joto tu.

Haya, tujiulize nani yuko ndani. Yupo mzazi aliyejifungua juzi, anakaa chumbani na kichanga chake kilichofungwa kanga tatu na kofia ya sufu kwa kuogopa upepo. Na upepo wetu wa Juni na Julai, nani asiyeujua? Woga wake una sababu. Yupo mgonjwa wa kiharusi anayegeuzwa kitandani lakini hatolewi. Yupo mtoto mwenye ulemavu, anayefichwa kwa aibu ambayo haikupaswa kuwepo. Yupo binti wa kazi, anayeamka kabla ya jua na kumaliza vyombo likiwa limezama. Yupo karani, yupo muuza duka aliyejibanza kati ya makreti ya soda tangu saa kumi na mbili. Wapo pia wanaolikwepa jua kwa kuogopa kuwa weusi, kana kwamba weusi ni hasara.

Nikiliangalia shamba la alizeti huwafikiria hawa. Alizeti changa hulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi, usiku ikarudisha shingo kulisubiri tena. Ikikomaa shingo hukakamaa, uso ukabaki unatazama mashariki basi. Kijana hujigeuza mwenyewe. Aliyekakamaa shingo anahitaji mtu.

Sasa tuseme ni jua gani, kwa muda gani. Wengi tumefundishwa kwamba jua la vitamini ni lile la saa moja asubuhi. Jua hilo ni zuri, linapasha viungo, linaamsha akili na kuuambia mwili kwamba siku imeanza, na usiku usingizi huja kwa wakati wake. Lakini kwa vitamini D ni dhaifu mno, kwa kuwa miale yake huja kwa mshazari na kumezwa na anga. Kipimo kizuri zaidi umezaliwa nacho. Simama uwanjani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kukuzidi, miale ya vitamini D bado ni michache. Kikilingana nawe, imeshafika. Kikijikunja miguuni kama mbwa, jua ni kali, tafuta mti. Hapa kwetu kivuli hulingana na mtu karibu saa nne asubuhi, na jua hufika utosini karibu saa saba kasoro dakika ishirini. Saa yetu ya Afrika Mashariki hufuata mstari ulio mbali mashariki, na jua huchelewa kidogo kutufikia.

Kwa hiyo saa ya kumtoa bibi ni hiyo ya saa nne, au alasiri kivuli kinaporefuka tena kufikia kimo cha mtu. Ngozi yetu nyeusi ina kinga yake ya asili, na kwa sababu hiyo inahitaji muda mrefu kidogo kuliko ya Mzungu. Nusu saa hivi, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, inamfaa mtu mzima. Mzee apewe zaidi ya hapo, pamoja na maji ya kunywa na kofia, kwa sababu ngozi ya uzeeni haitengenezi kama zamani. Ziada ya msimu wa jua mwili huiweka kwenye mafuta yake, kwa hiyo siku mbili za mawingu zisikutie wasiwasi.

Mtoto mchanga ni mambo mengine. Ngozi yake ni laini, hapaswi kuachwa kwenye jua kali hata kidogo. Mtoe mapema kidogo, kabla ya saa nne, upande usio na upepo, umpakate mwenyewe, miguu na mikono wazi, kichwa na macho vikiwa kivulini mwako, kwa dakika chache. Maziwa ya mama ni chakula kisicho na mpinzani kwa miezi sita ya mwanzo, ila yana vitamini D kidogo. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 kuhusu matege unashauri kila mtoto wa chini ya mwaka mmoja apewe yuniti 400 za vitamini D kwa siku. Mama, siku ya kliniki usitosheke na mizani. Muulize muuguzi kuhusu hilo.

Jua lenyewe halijengi mfupa. Linatafuta mzigo wa kubeba, yaani kalsiamu, na mzigo uko jikoni. Nchini Nigeria, nchi isiyo na upungufu wa jua, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wengi wenye matege walikosa kalsiamu, na walipopewa hiyo walipata nafuu. Upungufu huo usitukute sisi. Maziwa tunayo, mabichi ya kuchemsha na ya mgando. Dagaa wakiliwa na mifupa yao ni kalsiamu tupu. Mlenda na mboga nyingine za majani zinasaidia. Vitamini D yenyewe imo kidogo kwenye kiini cha yai, maini na samaki wenye mafuta, na yai la kuku anayetembea juani huwa nayo zaidi kuliko la kuku aliyefungiwa. Mama mwenye kuku kumi, kabla ya kulipanga tenga la kwenda stendi, bakiza mayai ya watoto. Hata uyoga wa msituni, ukiukata ukauanika juani kama unavyoanika mboga, hujitengenezea vitamini D kwa namna yake.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo sitalipita kimya. Baadhi ya visima vya Singida vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Yakizidi hapo kwa miaka mingi, meno hupata madoa ya kahawia tunayoyaona kwa watu wetu, na yakizidi sana mifupa nayo huharibika, miguu ikapinda. Kwa hiyo mtoto mwenye miguu iliyopinda usimpeleke juani tu ukangoja. Watoto wengi huwa na tao la miguu hadi karibu miaka miwili, kisha hunyooka wenyewe. Lakini tao likizidi, likibaki upande mmoja, au mtoto akichelewa kutembea, nenda zahanati. Tuache kulaumiana kwamba alisimamishwa mapema au alibebwa vibaya mgongoni. Na serikali za vijiji zidai kisima kipimwe floridi kabla ya watu kukizoea.

Kuna wenzetu ambao wito huu kwao unageuka. Watu wenye ualbino hawana ile kinga ya ngozi, na jua linalomjenga jirani yao linaweza kuwaletea saratani. Vitamini D wanaipata kwa mwanga kidogo sana. Wanachohitaji ni kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na krimu ya kujikinga na jua, kama Kilisun iliyoanzia Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC. Mwalimu, mwanafunzi mwenye ualbino asisimamishwe mstarini juani wala kupangiwa kufyeka uwanja saa sita mchana. Mkalishe mbali na dirisha linalopigwa na jua, karibu na ubao anaouona.

Tusiuziane miujiza pia. Siku hizi vidonge vya vitamini D vinanadiwa kuwa dawa ya kila kitu. Jijini Dar es Salaam utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020 uliwashirikisha watu wazima 4,000 walioanza kutumia ARV, wote wakiwa na kiwango cha chini cha vitamini hiyo. Ulituonyesha mambo mawili. Kwanza, upungufu upo hata katika jiji la jua kali. Pili, vidonge havikupunguza vifo wala kifua kikuu. Vidonge vina mahali pake, daktari akisema. Vikizidishwa vina sumu, ilhali jua haliwezi kukuzidishia vitamini D, kwani mwili hujifungia bomba wenyewe. Linaloweza kuzidi ni kuungua.

Basi naomba nini? Kwanza, kila kaya imchague mtu wa zamu ya kumtoa asiyeweza kujitoa. Akiwa kijana wa shule, iwe Jumamosi na Jumapili. Majirani wapokezane siku nyingine, kama tunavyopokezana kulala msibani. Pili, fundi unayejenga nyumba, acha baraza upande wa mashariki na njia pana bila ngazi, ili kiti cha mgonjwa kipite. Mfuko mmoja wa saruji unaopungua kwenye ngazi unatosha kuanzia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi naongeza, fungua utoke nje. Tatu, walimu na walezi wa watoto wadogo, muwatoe watoto wacheze. Huko Guangzhou, China, wanafunzi walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule hawakupata uoni hafifu wa mbali kwa wingi kama wenzao. Dakika hizo hazihitaji bajeti. Nne, wasimamizi wa wodi na wa vituo vya kulea wazee, benchi moja nje, ukutani palipo na jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Tano, viongozi wa dini na wenyeviti wa vitongoji, mnajua nyumba yenye mtu asiyetoka. Mkienda kumwombea, mwombeeni uwanjani.

Juzi nilipita tena kwa jirani. Bibi hakuwa kitandani. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, ukutani, fimbo mkononi, akilinda alizeti dhidi ya kuku. Mjukuu alikuwa amemwachia kazi, akaenda kucheza. Kivuli cha bibi kilikuwa kimelala kando yake, kimo sawa na yeye.

Kesho saa nne, ndugu msomaji, simama uwanjani kwako uhesabu vivuli. Kimoja kikikosekana, ingia ndani ukamlete mwenyewe.